Kuijua Nchi kwa Vumbi Lake



Nchi hujulikana kwa ramani, tena hujulikana kwa vumbi lake. Ramani hutufundisha kwamba Kongo yetu ina mikoa 26 na inapakana na nchi 9. Hayo tuliyakariri shuleni, tukapata alama zetu. Lakini moyo haushiki hesabu. Moyo hushika kile ambacho mtu amekiona, amekionja na kukiulizia jina lake. Ndiyo sababu leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya furaha ya kusafiri kwa barabara ndani ya nchi yetu wenyewe.

Sisi tunaokaa Lubumbashi hatuna haja ya kwenda mbali sana. Kiangazi kikielekea kwisha, tunachangishana nauli, tunafunga mihogo na karanga, na alfajiri tunapanda basi la kwenda Kolwezi kupitia Likasi, safari ya kilomita 300 hivi. Wakati huo miti ya miombo huchipua majani mekundu kama shaba, hata kabla ya mvua ya kwanza. Kando ya njia vimesimama vichuguu vikubwa vya mchwa, na mafundi huvichimba ili kupata udongo wa matofali. Nyumba nyingi za mji wetu zimejengwa kwa kazi ya mdudu huyo mdogo, nasi hulala ndani yake bila kumkumbuka.

Basi linaposimama, wauzaji huja na makaa, mboga na chupa za asali. Mama mmoja alikataa kupokea fedha zetu kwanza. Alisema, “Onjeni, wanangu. Asali hainunuliwi kwa macho.” Kisha akatueleza kwa nini asali ya chupa moja ilikuwa nyeusi na ya nyingine nyeupe: nyuki hawakutembelea maua ya mti mmoja. Tulijifunza mengi kwake kwa muda wa robo saa.

Barabara hufundisha pia mambo mazito. Karibu na Likasi iko Shinkolobwe. Uraniamu iliyochimbwa pale ilitumika katika bomu lililoangamiza mji wa Hiroshima mwaka 1945. Wengi wamesikia habari za Hiroshima. Wachache wanajua kwamba chanzo cha moto ule kilikuwa katika udongo wetu. Na karne nyingi kabla ya wakoloni kufika, mababu wa nchi hii waliyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha, mingine ikazikwa pamoja na wafu. Basi anayesema kwamba historia yetu ilianza na reli na kampuni, hajapita njia hii na mzee wa kumsimulia.

Kutoka Likasi kuelekea Fungurume na Kolwezi, tunapishana na malori yaliyobeba shaba na kobalti kuelekea mpaka wa Zambia. Tukitazama nje tunaona vijiji visivyo na taa, kandokando ya njia ile ile inayopitisha utajiri huo. Furaha ya safari haitufumbi macho. Kinyume chake, hutufanya tuulize maswali ambayo mtu hawezi kuyauliza akiwa amekaa nyumbani.

Kisha tunauvuka mto Lualaba. Hapo ungali kijana. Maji yale yataelekea kaskazini, yatapokea Lufira, yatapita Kindu na Kisangani, yatageuka kuitwa Kongo, yatafika Kinshasa na hatimaye baharini. Sisi bado hatujapata njia nzuri ya kutufikisha kwa ndugu zetu wa Kinshasa, lakini mto huu umetuunganisha nao tangu zamani. Kila tunapousimamia pale darajani, neno “ndugu” hupata uzito mwingine.

Tunajua vilevile kwamba furaha hii si ya wote. Kwa ndugu zetu wengi wa Kivu na Ituri, barabara imekuwa njia ya kukimbia, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Nao walikuwa na safari zao za furaha, za kwenda kuona ziwa, kuhudhuria arusi au kumsalimu shangazi. Vita vimewanyang’anya hata hizo. Kwa hiyo anayeweza kusafiri kwa amani amepewa kitu cha thamani, na asikitumie kwa kupiga picha tu.

Wengi wenu mnatamani kuondoka, kwenda Ulaya au kwingineko. Hatuwalaumu, sababu tunazijua. Tunawaomba jambo moja tu: msiiache nchi kabla ya kuiona. Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Kikundi chenu kichague mahali pamoja, hata pa safari ya siku moja. Nendeni na mzee mmoja anayeijua njia. Salimieni watu kabla ya kuuliza bei. Ulizeni majina ya mito, milima na miti kwa lugha ya wenyeji, myaandike katika daftari. Mkirudi, wasomeeni wadogo zenu usiku mmoja, kisha muwaachie daftari hilo waongeze safari zao.