Leza na Anayeishika

Nilipoanza uuguzi katika kliniki ya ngozi Dar es Salaam, aliyekuja na makovu ya chunusi alipewa dawa ya kupaka na ushauri wa kuvumilia. Leza tuliisoma vitabuni tu. Tulijua kuwa Kumar Patel alibuni ile ya hewa ya ukaa mwaka 1964 katika maabara za Bell, Marekani, na kwamba katika miaka ya 1990 madaktari wa huko waliitumia kuondoa tabaka lote la juu la ngozi ya uso. Picha zilikuwa za Wazungu, nasi tulijiuliza: ngozi yetu je?

Mwaka 2004 watafiti wa Boston walichapisha njia nyingine: mwale unagawanywa, unachoma vinukta vidogo mno, na ngozi isiyoguswa inayobaki katikati inaharakisha kupona. Baadaye mashine za aina hiyo, zikiwemo za hewa ya ukaa zinazotoboa vitundu, zikafika kwetu, zikaingia hadi saluni. Wateja wakawa wanauliza jina la mashine na bei. Nani ataishika, hawakuuliza.

Daktari wetu mkuu, mama wa maneno machache, ndiye aliyenifumbua macho. Leza ya hewa ya ukaa hulenga maji yaliyomo kwenye ngozi, si weusi wake, na wengi wakisikia hivyo hudhani mtu mweusi yuko salama. Kumbe joto lake huchokoza seli zinazotengeneza melanini, na wiki chache baadaye mabaka meusi hutokea, yakakaa miezi. Kwa hiyo kwa wagonjwa wetu alitoboa vitundu vichache, akaachanisha vikao kwa wiki nyingi. Kwanza alijaribu sehemu ndogo chini ya taya, kisha akasubiri. Aliuliza kuhusu makovu yanayovimba, malengelenge ya mdomoni, na vidonge vya chunusi.

“Mwanangu, mkorogo umeacha lini?” alimuuliza mgonjwa mmoja.

“Zamani, daktari.”

“Zamani ya lini?”

Hapo ndipo ukweli ulipotoka, na matibabu yakaahirishwa.

Siku moja alikuja binti aliyefanyiwa leza kwingine, mashavu yake yana vimraba vyeusi vilivyopangana kama vigae. Aliyemhudumia alikuwa amefundishwa na waliomuuzia mashine, basi. Daktari hakuigusa leza. Alimwandikia dawa ya kupaka na mafuta ya kukinga jua, akamfuatilia hadi weusi ulipofifia.

Mashine zimeboreka sana tangu nianze kazi, lakini hakuna inayojua yenyewe uso ulio mbele yake ni wa nani. Basi ukitaka leza, muulize atakayekuhudumia: wewe ni daktari wa ngozi? Umewatibu wangapi wenye rangi kama yangu? Nionyeshe picha zao. Utanijaribu wapi kwanza? Nikipata mabaka, utafanya nini? Akibabaika, chukua mkoba wako uondoke.