Usiku ripoti ilipogoma kupanda

Najua nimepotea sana humu. Mazoezi ya kufundisha yalinikamata vilivyo, maandalio ya somo hadi ndotoni. Sasa sikieni kisa cha ripoti yake.

Ilitakiwa iingie kwenye mfumo kabla ya saa 6 usiku. Saa 4 na nusu niko hosteli, laptopu yangu ya Ubuntu nimeichomeka kebo, bando la simu limekata. Cha ajabu ukurasa unafunguka, nywila inakubali, ila nikipandisha faili linaganda asilimia za mwanzo. Mara tatu! Jasho jembamba.

Nikamwita jirani anayesoma kompyuta. Akaandika `ip addr`. Kadi ya kebo, enp3s0, ilikuwa na anwani za aina mbili, IPv4 na IPv6. "Ticha, mashine yako inakimbilia hii ya sita kwanza." Akaipigia seva `ping -6`, majibu yakaja. Akaongeza uzito, `ping -6 -s 1452`: kimya. Kwa `ping -4 -s 1472`, majibu kama kawaida.

Akanieleza kama mtoto wa kidato cha pili. Kwenye IPv6, ruta za njiani hazikati pakiti. Ikifika kubwa kuliko njia, ruta huitupa na kumwambia mtumaji apunguze. Sasa, ukuta wa usalama wa hapa kwetu ulikuwa unaumeza huo ujumbe. Mimi natuma makubwa, yanapotea, siambiwi. Pakiti ndogo za kuingilia zinapita, ndiyo maana ukurasa ulinidanganya.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja:

`sudo sysctl -w net.ipv6.conf.enp3s0.disable_ipv6=1`

Ripoti ikapanda saa 5:41. Nilipiga kelele jamani, hosteli nzima ilisikia.

(Kwa watakaojaribu: zima kwenye kadi husika tu, usiandike `all`, maana kuna programu zinazotumia anwani ya ndani, `::1`. Tena ukiwasha kompyuta upya, IPv6 inarudi yenyewe.)

Nikapata sifa. Wenye Linux wakapanga foleni mlangoni, nami nikataka kuuweka mstari ule kwenye /etc/sysctl.d ili udumu. Jirani akagoma. "Mkizima wote, nani atalalamika? Ofisini wataona mambo safi." Akanikumbusha kwamba anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa Februari 2011. Nikamjibu kwa hasira kwamba mimi nina ripoti, sina shida na dunia.

Ila kulala sikulala. Kwenye mazoezi nilikuwa na binti mmoja haoni ubaoni. Nikamhamishia dawati la mbele, akaanza kunakili vizuri, nami nikajiona mwalimu hasa. Sikumwambia mwalimu wake wa darasa, wala mzazi, kwamba yale macho yanahitaji kupimwa. Nimeondoka hivyohivyo.

Asubuhi nikarudisha `disable_ipv6=0`, tukachapisha yale majibu ya ping na kuyapeleka ofisini. Wameyapokea, bado hawajarekebisha. Yule mwalimu wa darasa nimempigia mara mbili, hapokei. Nimemtumia ujumbe. Ngoja nijaribu tena jioni, nikimpata nitawaambia.