Barafu ya Mtindi Iliyonifunza Kuomba Radhi

Ndugu msomaji, leo naomba uniruhusu niandike habari ambayo kwa muda mrefu nimekuwa nikiikwepa. Sisi waandishi wa habari tumezoea kuyaeleza makosa ya watu wengine, na aghalabu huyaeleza kwa ufasaha mkubwa. Lakini kalamu inapotakiwa kumgeukia mwenyewe aliyeishika, wino hukauka ghafla. Wangu ulikauka tangu msimu wa embe wa mwaka jana, na nimeona si haki kuendelea kukupa mashauri ya afya ya familia kila Jumapili hali hili limelala rohoni.

Unaijua hali ya Dar es Salaam ilivyo mwezi wa Desemba. Joto huanza asubuhi mapema, na ifikapo saa nane mchana watoto hawana neno ila barafu. Mtaani kwetu, nyumba ya tatu kutoka yangu, anaishi mama mtu mzima, mjane, ambaye huuza barafu za ubuyu na za ukwaju zilizofungwa katika vifuko vidogo. Friza yake iko barazani, na fedha aipatayo humo ndiyo inayowasomesha wajukuu wake wawili. Mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa mteja wake mkubwa. Siku moja nilimhesabia barafu nne, na jioni ulimi wake ulikuwa mwekundu kama aliyekula tambuu.

Mimi sikuwa na ugomvi na ubuyu, kwani ni tunda lenye vitamini C kwa wingi. Ugomvi wangu ulikuwa na sukari. Mtoto huyo alikuwa amekwisha kung'olewa jino moja, na nilikuwa nimesoma mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015, unaoshauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu 10 katika 100 za nguvu zote azipatazo mtu katika chakula chake cha siku, na ikiwezekana iwe chini ya sehemu 5. Nikaamua kwamba nyumbani kwangu tutatengeneza barafu zetu wenyewe, za mtindi na matunda, zisizo na rangi wala sukari ya kuongeza.

Uamuzi huo ulikuwa mwema, na sijaujutia. Ninachojutia ni kiburi nilichoufuatishia.

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu mzaa mama, kule Shinyanga, alikuwa akigandisha maziwa katika kibuyu bila ya kuyachemsha. Tuliyanywa, na hatukuona madhara. Nami nikanunua lita mbili za maziwa mabichi kwa kijana apitishaye kwa baiskeli, nikayaacha yagande yenyewe usiku kucha. Asubuhi nikaponda embe dodo mbili, nikachanganya, nikaona uji ni mzito mno, nikauzimua kwa maji ya bomba. Nikamimina katika vikombe na kuviweka katika sehemu ya barafu ya jokofu. Msomaji, ziligeuka kuwa nzuri ajabu kwa rangi na kwa ladha. Watoto wangu wawili walikula, na mtoto wa dada yangu aliyekuja kutusalimu naye akala. Jioni ile nilisimama kibarazani nikijiona mama wa kupigiwa mfano, na nikathubutu hata kumwambia mjane yule, huku nikitabasamu, kwamba wateja wake wangu wamekwisha.

Usiku wa siku ya pili mwanangu wa kwanza alianza kutapika. Kabla ya alfajiri kitinda mimba wangu, mwenye miaka miwili, alikuwa akiharisha mfululizo, na kulipokucha dada yangu alituma habari kwamba wake naye hajiwezi. Ulipofika wakati wa kumwogesha yule mdogo, macho yake yalikuwa yamedidimia, analia bila machozi, na ngozi ya tumbo nilipoivuta ilichelewa kurudi. Nilimfunga mgongoni nikakimbia naye zahanati, huku nikimkokota kaka yake kwa mkono.

Sasa sikiliza nilivyofanya njiani. Nilipopita mbele ya baraza ya jirani yangu, nilisimama. Watu walikuwapo, wengine wakisubiri kununua. Nikasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia kwamba barafu zake zinaua watoto, na kwamba nikitoka zahanati nitapeleka habari kwa bwana afya, na kisha gazetini. Yule mama hakujibu. Alilishika tu sikio la kikapu chake akaniangalia.

Zahanati walitupokea vizuri. Yule mdogo alipewa maji ya chumvichumvi kijiko baada ya kijiko, na vidonge vya zinki vya kumeza kwa siku kumi. Hali ilipotulia, muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, alivuta kiti akaniuliza maswali.

"Wamekula nini, mama?"

Nikamweleza habari za barafu za jirani.

"Na huyu wa miaka miwili, naye hutoka akajinunulia?"

Nikanyamaza. Mtoto yule hakuwa akitoka nje ya mlango wa ua. Wa dada yangu alishinda kwetu siku moja tu, wala hakufika barazani kwa mtu.

"Watoto wa mtaani wanaokula barafu hizo wameugua?"

Hawakuugua. Wajukuu wa mama yule nimewapita wakicheza kibao.

"Basi hawa watatu wamekula nini kwa pamoja?"

Ndugu msomaji, jasho lilinitoka. Nilimweleza habari za maziwa, za embe na za maji. Hakunikemea. Alisema tu kwamba maziwa mabichi peke yake yanatosha kuleta ugonjwa, na maji yasiyochemshwa peke yake yanatosha, na mimi nilikuwa nimeviunganisha vyote viwili. Nikamwambia kwa unyonge kwamba nilidhani baridi kali huua vijidudu. Akanijibu, "Baridi haiui, mama. Baridi hulaza tu. Wakiingia tumboni penye joto huamka."

Lililoniuma zaidi ni kwamba jambo hilo nilikuwa nikilijua, ila nililijua kwa upande mmoja. Nilikwisha kusoma historia ya mtindi. Nilisoma jinsi mwanafunzi wa udaktari kutoka Bulgaria, Stamen Grigorov, alivyomtambua mwaka 1905, huko Geneva, kijidudu kigandishacho maziwa ya kwao. Nilisoma pia jinsi mtaalamu Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, alivyoyasifu maziwa ya mgando mbele ya ulimwengu kuwa yanarefusha maisha. Sifa hiyo ya kurefusha maisha ilipita kiasi, lakini ni kweli kwamba mtindi una protini na kalisi, na kwamba watu wengi ambao matumbo yao hayaipokei sukari ya maziwa huuvumilia mtindi kuliko maziwa matupu. Nilikuwa nimesoma vilevile, na kufurahi, kwamba vijidudu vyema vya mtindi vingi huendelea kuwa hai hata mtindi ukigandishwa barafu. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba neema wanayoipata vijidudu vyema, waovu nao huipata.

Na bibi yangu je? Nimelifikiria sana jambo hilo. Ng'ombe alikuwa wake, akimkamua mwenyewe, na maziwa hayakupita katika mikono na madumu ya watu watano kabla ya kumfikia. Hata hivyo leo najua kwamba hata maziwa ya ng'ombe wa nyumbani yaweza kuwa na ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, ambao kwa binadamu huleta homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo. Wazee wetu walikuwa na homa nyingi ambazo hawakuwa na jina lake. Kumheshimu bibi si lazima kumwiga kwa kila jambo.

Basi, mama au baba unayesoma, nakuomba usiiache barafu ya mtindi kwa ajili ya kosa langu. Itengeneze, lakini uitengeneze hivi.

Chemsha lita mbili za maziwa hadi yatokote na kupanda, huku ukiyakoroga yasishike chini. Yaache yapoe mpaka uweze kutia kidole kisafi na kuhesabu moja hadi kumi bila kuungua. Hiyo ni karibu nyuzi 43 hadi 45 za Selisiasi. Chukua vijiko vinne vikubwa vya mtindi mzuri usiotiwa sukari, uukoroge na maziwa kidogo, kisha uurudishe wote sufuriani. Funika, ifunge sufuria kwa blanketi au kanga mbili tatu, na uiache mahali pasipo na upepo kwa muda wa saa sita hadi nane. Mtindi ukishika, usiutikise. Uweke katika jokofu. Baadaye umimine katika kitambaa cheupe kilichochemshwa, ukitundike juu ya bakuli humo humo jokofuni kwa saa mbili au tatu, maji yake yachuje. Maji ndiyo yanayogeuka vipande vya barafu vigumu kama mawe, kwa hiyo mtindi ukiwa mzito barafu yako itakuwa laini.

Kwa nusu lita ya mtindi huo mzito, tumia embe dodo mbili zilizoiva barabara na ndizi mbivu mbili. Osha matunda kwa maji yaliyochemshwa kabla ya kuyamenya, na mikono yako uioshe kwa sabuni. Ponda kwa mwiko ikiwa huna mashine. Ndizi usiiache, kwani utamu wake huondoa haja ya sukari, na uzito wake huzuia mchanganyiko usigande kama jiwe. Mimina katika trei, utie katika friza, na kila baada ya saa moja uikoroge kwa uma, mara tatu. Ukipenda lambalamba, mimina katika vikombe vidogo na kuchomeka vijiti.

Nanasi na papai vina tabia ya kuvunjavunja protini ya maziwa, na mtindi wako utakuwa mchungu ukikaa nao. Nanasi lichemshe kidogo kwanza, lipoe, ndipo ulichanganye; papai lile pembeni. Waweza pia kukata ndizi vipande, kuvichovya katika mtindi, na kuvipanga katika sinia mpaka vigande. Lakini mtoto mdogo usimpe vipande vigumu, maana vyaweza kumkaba. Msubirie vilainike, umlishe kwa kijiko. Wala asali usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata iwe ndani ya barafu.

Na umeme ukikatika, barafu ikayeyuka na kukaa katika joto kwa zaidi ya saa mbili, usiigandishe tena. Imwage. Inauma, lakini kumwaga embe mbili ni rahisi kuliko kukesha zahanati.

Sasa nirudi kwenye deni langu. Watoto walipona, wote watatu. Siku niliyorudi kutoka zahanati nilikuta baraza ya jirani imefungwa. Siku ya pili vilevile. Wateja walikuwa wamelisikia neno langu, nao si watu wa kulaumiwa kwa kuliamini, maana walijua mimi ni mwandishi na kwamba habari za afya ndiyo kazi yangu. Siku ya tatu jioni nilikwenda. Nilibisha hodi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama kawaida, na hilo likanizidishia aibu. Nilimweleza kila kitu bila kuficha. Kisha nikamwomba atoke nami barazani, kwa kuwa nilimvunjia heshima mbele za watu na ilinipasa kuirudisha mbele za watu. Nikasimama pale pale niliposimama siku ile, na saa ile ile wanawake wanapotoka kuteka maji, nikasema kwamba ugonjwa wa watoto wangu ulitoka katika jikoni langu.

Yule mama alisema maneno machache. "Mwanangu, mimi maji ya barafu nayachemsha tangu mwaka 1994, nilipomzika mdogo wangu kwa kipindupindu. Ungeniuliza tu."

Ungeniuliza tu. Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza, na stashahada ya kazi hiyo imetundikwa ukutani kwangu, sikuuliza. Nilihukumu.

Wateja walirudi, ila haikuwa kwa siku moja. Ilichukua karibu mwezi mzima, na wajukuu wake waliingia muhula wa Januari na madaftari pungufu. Nilinunua yaliyokosekana, naye akayapokea, lakini najua madaftari hayalipi mwezi.

Siku hizi watoto wangu hula barafu ya mtindi siku za kazi, na Jumamosi huenda kununua ubuyu kwake, kila mmoja kifuko kimoja. Jokofu letu ni dogo, na trei hazienei. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni, msimu wa embe unapofika, huzipeleka trei zangu barazani kwake, naye huzipangia nafasi upande wa kushoto wa friza yake. Kabla ya kuzipokea huniuliza kila mara kama maziwa nimeyachemsha. Nami humjibu.