Hela Iliyoliwa Haidaiwi

Tanga

Mwanangu,

Bibi yako ameanza tena kutembea mwenyewe hadi barazani. Ujumbe wako nimeusoma. Unaomba laki tatu za kodi, na unasema pesa ilikuwapo ila kindege, ule mchezo wa kamari wa kwenye simu, kimeila, na kwamba ukipata mtaji kidogo utairudisha yote kabla ya mwisho wa mwezi. Laki tatu hazikunishtua. Kilichoninyima usingizi ni hilo la kurudisha.

Niliweka hesabu za SACCOS kwa miaka mingi. Nimewaona watu wazima, tena wenye akili zao, wakiomba mkopo wa pili ili kufukuzia wa kwanza. Aliyeliwa elfu hamsini akanyamaza, baada ya mwezi alikuwa ameshasahau. Aliyetaka kuirudisha ndiye aliyeuza kiwanja.

Dini ilishasema neno lake juu ya kamari, nawe ulilisikia chuoni ungali mdogo. Mimi ningependa uache kabisa. Lakini wewe ni mtu mzima na simu ni yako, na sitaki uniambie umeacha ili tu nifurahi. Kwa hiyo nakuandikia hesabu, maana hesabu ulikuwa unazipenda.

Chukua mkeka wa mechi kumi, na kila mechi ina pande mbili zenye nafasi sawa. Kampuni haikupi odi ya 2.00, inakupa kama 1.90. Zidisha 1.90 mara kumi: elfu moja yako inaahidiwa kama 613,000. Inatia tamaa, sikatai. Lakini matokeo yanayowezekana ni 1,024, na mkeka wako ni mmoja tu kati ya hayo, kwa hiyo malipo ya haki yangekuwa 1,024,000. Ile senti kumi iliyopunguzwa kwenye kila mechi, ambayo hata huioni, ikirundikana mara kumi imekula zaidi ya laki nne. Hakuna aliyekuibia. Hiyo ndiyo bei ya mchezo, na kila mechi unayoongeza inaipandisha.

Mara ngapi umenipigia ukisema, "Shangazi, timu moja tu imenichania"? Katika matokeo yale 1,024, moja tu linapatia mechi zote, lakini yapo kumi yanayokosea mechi moja. Maana yake kuchaniwa na timu moja hutokea mara kumi zaidi ya kushinda. Hukukaribia chochote, mwanangu. Na mkeka wa kesho unaanza tena kwenye moja kati ya 1,024.

Hicho kindege, Aviator, ndicho ninachokiogopa zaidi. Mpira una dakika tisini, mtu hupata muda wa kupoa. Kindege kinapaa na kutoweka ndani ya sekunde chache, kinakuja kingine, hadi alfajiri. Wenyewe hutangaza kwamba asilimia 97 hurudi kwa wachezaji, na vijana huelewa kuwa ukiingia na laki utatoka na elfu tisini na saba. Sivyo. Makato yale yanapita kwenye kila dau. Weka elfu mbili mara mia mbili, umezungusha laki nne, na kwa wastani elfu kumi na mbili imeondoka, hata kama ulianza na elfu ishirini tu. Hapo bado hujaanza kupandisha dau kwa hasira.

Na usimsikilize anayekufundisha kuongeza dau mara mbili kila ukiliwa. Anza na elfu moja, uliwe mara saba mfululizo: umeshatoa 127,000, na dau la nane linataka 128,000 nyingine ili mwishowe upate faida ya elfu moja. Mara saba hutokea sana. Mwaka 1913 kule Monte Carlo kijipira cha ruleti kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, huku watu wakizidi kumwaga pesa kwenye nyekundu kwa kuamini kuwa sasa ni zamu yake. Gurudumu halikumbuki lilipoangukia jana, na kindege hakijui kuwa kimekula kodi yako.

Wale wauza mikeka ya uhakika kwenye Telegram nao waache. Mtu huwaambia watu mia nne kwamba timu ya nyumbani itashinda, na mia nne wengine kwamba haitashinda. Waliomwona amepatia huwagawa tena nusu kwa nusu. Baada ya mechi tatu za namna hiyo, wapo watu mia moja walioona amepatia zote, na hao ndio anaowauzia.

Ukiamua kucheza, panga kiasi kabla hujaishika simu, kisizidi ambacho ungetumia kwa kiingilio cha uwanjani na soda. Kiishie hapo. Kampuni nyingi zenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha zina mahali pa kujiwekea ukomo na pa kujifungia akaunti. Fanya hivyo asubuhi ukiwa umetulia, maana saa nane za usiku baada ya kuliwa hutaweza. Usicheze kwa Songesha wala kwa mkopo wowote. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Kaa nazo mbali, nyingine za namna hiyo huwapigia mama zenu na mabosi wenu kuwatia aibu. Na siku ukijikuta unageuza simu mtu akipita, jifungie akaunti siku hiyo hiyo, kisha nipigie, hata iwe usiku.

Laki tatu sitakutumia wewe. Nipe namba ya mwenye nyumba nimlipe mwenyewe, nawe utanirejeshea elfu kumi na tano kila wiki kutokana na bodaboda. Hiyo iliyokwenda na kindege iache iende, hakuna anayekudai uirudishe. Jumapili nitakupigia baada ya Adhuhuri. Kabla ya hapo andika madeni yako yote kwenye karatasi, ya marafiki, ya simu na ya kausha damu, bila kunipunguzia hata moja. Tutaanza na lenye riba kubwa. Mama yako sijamwambia. Utamwambia wewe, na ukitaka nami nitakuwepo kwenye simu.

Shangazi yako