Kimya cha Wasichana Watatu



Mwaka jana tulifuatana na Mama hadi India kwa matibabu. Baina ya vipimo na majibu palikuwa na siku moja tupu. Badala ya kukaa chumbani tukihesabu saa, tulimpeleka kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kisasa mjini New Delhi, yaliyoanzishwa mwaka 1954 katika jumba la Jaipur House, karibu na India Gate.

Mama si mtu wa picha. Alipita vyumbani kwa adabu tu, mpaka alipofika mbele ya picha aliyoichora Amrita Sher-Gil mwaka 1935: wasichana watatu wamekaa pamoja, macho chini, hakuna amsemezaye mwenziwe. Mchoraji huyo, baba yake Mhindi na mama yake Mhangari, alisomea Paris, akarejea India mwaka 1934, na akafariki mwaka 1941 akiwa na miaka 28 tu. Wengi huifasiri picha ile kuwa ni ya mabinti wanaongojea maisha wasiyoyachagua.

Tulipomweleza hayo, Mama alisimama kitambo, kisha akauliza, "Na hawa, waliulizwa?"

Hatukumjibu, maana sote tulijua anamfikiria nani. Huko Mombasa, posa ya mdogo wetu ilikuwa imeshapokewa. Alipoulizwa aliinamisha kichwa, akanyamaza. Nasi tukafurahi, tukasema kimya cha mwanamwali ni ridhaa.

Dini yetu haikukosea. Imetaka binti aombwe idhini yake, na imekikubali kimya chake kwa kuihifadhi haya yake. Sisi ndio tuliokosea, kwa kukipokea kimya bila ya kuutazama uso. Kipo kimya cha haya, na kipo kimya cha huzuni.

Jioni ile Mama alipiga simu. "Mwanangu, sema lililo moyoni. Sitakasirika." Mdogo wetu alilia kwanza, kisha akasema hakuwa radhi.

Posa tuliirejesha kwa heshima. Maneno ya watu tumeyasikia, nayo si machache. Lakini kicheko cha mdogo wetu kimerudi nyumbani, na Mama analala usingizi.

Haya tumeyaandika baada ya kumwomba ruhusa, naye safari hii hakunyamaza, alisema, "Andikeni." Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuulizana na kusikilizana. Amin.