Darasa Lilipojaa, Wastani Ukashuka

Ualimu nimesomea Chuo cha Ualimu Butimba, na Butimba ndiko ninakoishi mpaka leo. Lakini kusoma matokeo ya kidato cha nne nilifundishwa na shule moja ya kata, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, jirani na mwalo wa dagaa.

Shule hiyo ni ya enzi zile kila kata ilipotakiwa kuwa na sekondari yake. Madarasa yalitangulia, walimu wakafuata kwa kusuasua. Matokeo ya mwaka 2012 yalipotoka, nchi nzima watahiniwa sita katika kila kumi walikuwa na ziro, kabla hayajapangwa upya. Sisi tulijifariji: wastani wetu haukutia aibu. Haukutia aibu kwa sababu darasa lilishapungua. Walioshindwa ada ya shilingi 20,000 na michango walisharudi kwao, wasichana waliopata mimba walishafukuzwa, na vijana wa mtumbwini hakuna aliyewaulizia. Tulibaki na watoto wa wenye maduka, wa watumishi, na wachache wenye roho ngumu.

Januari 2016 ada ikafutwa. Kidato cha kwanza kilifurika, meza moja watoto watatu. Kundi hilo lilipofanya mtihani wa mwisho wastani ulishuka, na kwenye kikao cha tathmini tukaulizwa kwa nini tumezembea.

Hapo ndipo nilipobadilika. Niliweka matokeo pembeni nikachukua daftari la mahudhurio. Utoro ulikuwa unafuata mwezi! Siku za giza, taa zinapovuta dagaa ziwani, wavulana hawaonekani. Mbalamwezi ikiingia mitumbwi inapumzika, nao wanarudi, macho mekundu. Wasichana walikosa vipindi vya asubuhi, maana dagaa wa usiku huanikwa jua likichomoza.

"Mwalimu," mama mmoja aliniambia, mkono ukiendelea kutandaza, "huyu akija kwako saa moja, hawa watageuzwa na nani?"

Kumtuma mtendaji wa kata akakamate wazazi ilikuwa rahisi, na tulishafanya hivyo. Safari hii tulihamishia majaribio na mada ngumu za hisabati kwenye siku za mbalamwezi, na vikao vya wazazi vivyo hivyo. Baba ambao hatukuwahi kuwaona walianza kuja. Si wote waliofurahi. Wapo walimu walioona tunawadekeza wavuvi. Mwalimu wa fizikia hatukuwa naye hata hivyo, na mwezi hauwezi kumleta.

Novemba 2021 serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani, alirudi mmoja wa kwetu. Saa nne, wenzake wakienda mapumziko, alikimbia getini ambako bibi yake alikuwa amekaa na mtoto, akanyonyesha amesimama, akarudi kabla ya kengele.

Januari 2023 Baraza la Mitihani likaacha kutangaza shule kumi bora. Wengi walilalamika kwamba ushindani umeuawa. Mimi nilishusha pumzi, ingawa wazazi wa Butimba bado wananiuliza shule ipi inaongoza, na ninawajibu kwa swali: walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi?

Yule binti alipata divisheni foo. Kwenye wastani alitushusha. Sasa anasomea umeme wa majumbani.