Mlenda na Mjukuu Wangu

Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nami nilihama pamoja na majalada yangu. Baadaye mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka mitatu, aliletwa kukaa nasi. Yeye alikuwa mtoto wa Pwani: wali, samaki na mchicha wa nazi ndiyo iliyokuwa dunia yake. Tulipomwekea ugali wa uwele kwa mlenda, aliutazama ule utelezi unaovutika kutoka kwenye tonge, akafumba kinywa, akageukia ukutani.

Siku ya tatu nilifanya jambo ninaloliungama kwa aibu. Nilimshika kidevu, nikamtia tonge kwa nguvu. Alitapika palepale mkekani. Tangu hapo kila aliponiona nanawa mikono alikimbilia jikoni kwa bibi yake, na hata wali wa nazi akawa haugusi nikiwa nimeketi karibu. Nilikuwa nimemlisha hofu.

Wataalamu wa lishe ya watoto wanaeleza kwamba kati ya miaka miwili na sita mtoto huvihofu vyakula vigeni, hasa mboga za majani zenye uchungu, na kwamba huenda akahitaji kuonjeshwa kitu kilekile mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali. Hayo niliyasoma baadaye. Aliyenifundisha kwanza ni jirani yetu, bibi mmoja wa Kigogo, aliyekuja kuazima ungo akatukuta mezani. Aliniuliza: "Na wewe, baba, waula?"

Swali hilo lilinichoma. Kwa kweli nilikuwa nikila mlenda kama mtu anywaye kwinini. Mimi niliyetunga mashairi ya kuusifu umoja wa taifa nilikuwa nikikunja uso mbele ya mboga ya wenyeji wangu. Na mtoto, asiyejua herufi hata moja, alikuwa ameusoma uso huo barabara. Tena nilikuwa nimesahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa uhaba wa chakula, mimi na ndugu zangu tuliukataa ugali wa mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo, tuliouita "yanga". Mama hakutulazimisha. Aliketi akaula polepole, huku akipiga soga, mpaka mikono yetu ikaenda yenyewe kwenye sinia.

Bibi yule alimchukua mjukuu wangu kila alasiri. Walichambua majani, wakayaanika juani, wakayatwanga, mtoto akiwa na mchi wake mdogo na ruhusa ya kuchafuka. Wakati wa kula aliwekewa wali wake, na kando yake mlenda wa karanga katika kibakuli, kiasi cha ncha ya kijiko. Hakuna aliyemwambia "kula", wala aliyemwahidi peremende. Siku ya kwanza aliunusa. Siku nyingine alichovya kidole, akajifuta kwenye gauni. Kwa majuma mawili hivi kibakuli kilirudi jikoni kama kilivyokuja, na mke wangu akaanza kunung'unika kwamba tunapoteza karanga bure.

Jumapili moja jioni nilikuwa nikivutana na tonge langu, utelezi ukaninasa ndevuni. Mtoto akacheka. Akakivuta kibakuli chake, akachovya, akalamba, kisha akauvuta uzi mrefu kutoka mdomoni hadi kidoleni.

"Babu, wangu mrefu zaidi."

Nikasogea karibu yake tupime.